P.K. van der Byl: waziri wa mambo ya nje wa nchi ambayo hakuna taifa lililoitambua

Ngalawa (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Siku hizi picha za Rhodesia zinazunguka sana mitandaoni. Askari wazungu wenye kaptura fupi, mashamba ya tumbaku yasiyo na mwisho, na chini yake vijana waliozaliwa juzi wanaandika kwamba nchi ile ilikuwa imenyooka. Katika wanaosifiwa humo, mmoja anapendwa kuliko wenzake kwa sababu ya vituko vyake: Pieter Kenyon van der Byl, wenyewe wakimwita PK. Anasimuliwa kama bwana mcheshi, suti safi, miwani ya jua, lafudhi ya kilodi, bunduki ya kuwindia begani. Ukisoma vituko peke yake unaweza kumpenda kabisa.

Mimi nataka tuangalie kazi. Alishika nini, mwaka gani, na nini kilitokea alipokuwa amekishika. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mnipige mawe vizuri: huyu bwana alikuwa hatari, na ule ucheshi ndio uliofanya wengi wasimwone hivyo, tangu enzi zake mpaka leo.

Tuanze na nchi yenyewe, maana wengi humu wanachanganya. Rhodesia Kusini, Zimbabwe ya leo, ilikuwa koloni la Uingereza lakini tangu 1923 walowezi walikuwa wanajitawala wenyewe kwa mambo ya ndani. Walikuwa na bunge lao, waziri mkuu wao, jeshi lao. Kufikia miaka ya sitini wazungu hawakufika 250,000 na Waafrika walikuwa takriban milioni 4. London ilipoanza kuachia makoloni, masharti yake kwa Salisbury (mji mkuu wao, Harare ya leo) yalikuwa kwamba uhuru uje na njia ya kueleweka ya kufikia utawala wa walio wengi. Walowezi wakakataa. Tarehe 11 Novemba 1965 wakajitangazia uhuru wao wenyewe. Yaani koloni lililoasi, ila lililoasi ili mambo yabaki ya kikoloni.

PK alizaliwa Cape Town tarehe 11 Novemba 1923. Kwa hiyo siku ya uasi alikuwa anatimiza miaka 42. Baba yake, Meja Piet van der Byl, alikuwa waziri katika serikali ya Jenerali Smuts kule Afrika Kusini, na miaka ya mwisho ya serikali hiyo alishika wizara iliyosimamia "mambo ya wenyeji". Kwa hiyo kijana alikulia nyumba ambayo kuwatawala Waafrika ilikuwa ni kazi ya baba, kama vile kwa mwenzake ingekuwa duka au kinyozi. Vita Kuu ya Pili alipigana upande wa Waingereza, kikosi cha wapanda farasi kilichokuwa kimeshahamia kwenye vifaru, akafika Italia na Austria. Baada ya vita Cambridge. Mwaka 1950 akahamia Rhodesia kusimamia mashamba ya tumbaku ya familia.

Ukoo wake ni wa Makaburu wa Cape, jina lenyewe linasema. Lakini yeye aliamua kuwa Mwingereza kuliko Waingereza, akaongea kwa lafudhi ambayo hata mabwana wa London waliiona imezidi. Wakambandika jina la utani, Piccadilly Dutchman, yaani Mholanzi wa mtaa wa Piccadilly. Wenye kumcheka walikuwa wengi hata ndani ya chama chake.

Desemba 1962 Rhodesian Front, chama cha walowezi, kikashinda uchaguzi, naye akaingia bungeni kwa jimbo la Hartley, Chegutu ya leo. Muendelezo unakuja.

Bi Mkunde

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu Ngalawa usituache njiani kama ule uzi wa Katanga.

Kachero Mstaafu

Mleta mada, kwa nini huyu na siyo Ian Smith? Smith ndiye aliyekuwa waziri mkuu, bosi.

Ngalawa (mleta mada)

Kachero, Smith ameandikwa mpaka basi. Halafu Smith alikuwa mkulima wa kawaida, anaongea kama anasoma risiti. Serikali kama ile inahitaji mtu wa kuwafanya watu wajione mashujaa, na kazi hiyo aliifanya PK. Twende.

Aprili 1964 wabunge wa Rhodesian Front walimng'oa waziri mkuu Winston Field wakamweka Smith. PK alikuwa katika waliotaka uasi ufanyike mapema. Mwaka huohuo akapewa dhamana ya idara ya habari, kwanza akiwa chini ya wizara ya sheria, baadaye akiwa naibu waziri wa habari kamili. Angalieni kilichofuata. Agosti 1964 serikali ilipiga marufuku ZANU, chama cha wapigania uhuru, ikapiga marufuku na chama kilichokuwa kimebeba nafasi ya ZAPU, chama kingine cha wapigania uhuru, na siku hiyohiyo ikafunga Daily News, gazeti lililosomwa zaidi na Waafrika. PK akamleta kutoka Afrika Kusini mtaalamu mmoja aitwaye Ivor Benson, mtu aliyeamini kwamba dunia nzima inaendeshwa kwa njama za wakomunisti, akamkabidhi ushauri wa habari. Redio na televisheni zikawekwa mkononi kabla uasi haujatangazwa. Wale jamaa walijua mtiririko wa kazi: kwanza habari, kisha dola.

Novemba 5, 1965, hali ya hatari ikatangazwa. Novemba 11, saa tano asubuhi, mawaziri 12 wakatia sahihi hati, wamekaa chini ya picha ya Malkia Elizabeth ukutani. Hati yenyewe inaishia kwa kumwombea Malkia kwa Mungu. Gavana, Sir Humphrey Gibbs, aliwafukuza kazi wote kwa jina la Malkia huyohuyo. Wakamkatia simu nyumbani kwake na kuendelea. PK hakutia sahihi maana alikuwa bado naibu. Wapo wanaomtaja miongoni mwa waliosaini, si kweli.

Sasa hapa kuna kitu napenda mkione kwa macho. Saa chache baada ya tangazo, wakaguzi wa serikali walikuwa wameshakaa ndani ya vyumba vya habari. Kila habari inapita kwao kwanza. Mhariri wa Rhodesia Herald, Malcolm Smith, hakuwa mtu wa kupigania Waafrika sana, lakini alikuwa na kiburi cha kazi. Wakikata habari, yeye hajazi kingine. Anaacha pale palipokatwa peupe. Gazeti linatoka asubuhi lina ukurasa wa kwanza wenye mashimo: safu mbili zimeandikwa, ya tatu nyeupe kuanzia juu mpaka katikati, chini tangazo la viatu. Msomaji hajui kimeondolewa nini, lakini anajua kimeondolewa kiasi gani. Kuna siku weupe ulikuwa mwingi kuliko maandishi.

Mwanzoni mwa 1966 serikali ikatoa amri kwamba ni kosa kuacha nafasi tupu. Fikirini hilo. Serikali inakata habari, halafu inakulazimisha ufiche kwamba imekatwa. Magazeti yakaendelea kukaidi kwa namna moja au nyingine, na ukaguzi ule ulidumu mpaka Aprili 1968. PK alikuwa anausimamia na kuutetea bungeni kwa lugha tamu kabisa, kwamba ni kwa faida ya taifa.

Waingereza nao walijenga mtambo wa redio haraka haraka Francistown, Bechuanaland wakati ule (Botswana ya leo), ili BBC isikike Salisbury. Salisbury wakaanza kuuvuruga kwa mawimbi. Vita ya kwanza ya Rhodesia ilikuwa ya masikio.

Mwana Tunduma

Mkuu, mimi mzee wangu alikuwa dereva wa malori ya mafuta Dar kwenda Zambia kuanzia 1966. Kabla ya hapo Zambia walikuwa wanapitishia kila kitu Rhodesia. Uasi ulipokuja mafuta yakakatika, ikabidi yapite kwetu kwa mapipa, barabara ya vumbi kiangazi na tope masika. Alikuwa anasema kipande cha Mbeya kushuka Tunduma mvua zikinyesha unaweza kulala siku mbili, malori yamelala ubavu kama ng'ombe. Wazungu wenyewe waliiita ile barabara njia ya jehanamu. Lami tulianza kuiona baadaye sana.

Ngalawa (mleta mada)

Asante sana Mwana Tunduma, hili lilistahili uzi wake. Ndiyo maana bomba la mafuta la TAZAMA lilijengwa haraka vile, kilomita zaidi ya 1,700 kutoka Dar hadi Ndola, likafunguliwa 1968. Na TAZARA ikafuata, kazi ikaanza 1970 na reli ikakabidhiwa 1976. Vyote viwili ni matunda ya uasi wa Salisbury, watu wanapita juu yake leo bila kujua.

Na Tanzania ililipa kwa njia nyingine. OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikubaliana kwamba Uingereza isipouzima uasi kufikia katikati ya Desemba 1965, nchi wanachama zivunje uhusiano nayo. Tarehe ilipofika wengi walitazama pembeni. Nyerere alivunja. Mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka London ukaishia hapohapo, na uhusiano haukurudi mpaka 1968. Pesa ile kwa nchi changa ilikuwa ni shule na barabara ngapi, piga hesabu mwenyewe.

Kachero Mstaafu

Na Waingereza hawakutuma hata askari mmoja Salisbury. Kwingineko walituma fasta.

Ngalawa (mleta mada)

Ndivyo ilivyokuwa. Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, alitangaza mapema kwamba hatatumia nguvu, na aliyekuwa anaasi akapumua. Kilichobaki ni vikwazo, na manowari za kulinda bandari ya Beira, Msumbiji, mafuta yasishuke. Mafuta yakapita Afrika Kusini na Lourenço Marques, leo Maputo, kwa raha zake.

Tuendelee. Septemba 1968 PK akawa waziri kamili: habari, uhamiaji na utalii. Ukiitazama haraka hiyo wizara inaonekana kama kapu la vitu visivyohusiana. Kwa hesabu za Smith ilikuwa ni kitu kimoja. Wazungu walikuwa wachache, kwa hiyo ilibidi waje wengine kutoka Ulaya. Ili waje, nchi lazima ionekane kwenye picha ina jua, wafanyakazi wa ndani na amani. Na ili picha hiyo idumu, mtu wa ndani asisome habari mbaya. PK akawa muuzaji mkuu wa nchi yake. Alikuwa anasafiri Ulaya kukutana na watu wa tabaka lake, maana mlango wa mbele wa serikali ulikuwa umefungwa.

Uchungu ni kwamba mteja wake wa kwanza alikuwa ni mzungu wa hapohapo Salisbury. Kwa miaka kumi na zaidi mlowezi wa kawaida aliambiwa kwamba Waafrika wake ni wenye furaha kuliko wote Afrika, na anayeleta fujo ni Moscow na Peking. Mwaka 1972 Tume ya Pearce, ya Waingereza, ilipozunguka nchi nzima kuuliza Waafrika kama wanaukubali mkataba wa Smith na London, jibu lilikuwa hapana kubwa isiyo na shaka. Wazungu walipigwa na butwaa kweli. Walikuwa wamekula walichopikiwa na PK.

Pembeni kidogo: ukitaka kujua PK alikuwa anapamba nini, mtazame Desmond Lardner-Burke, waziri wa sheria na usalama. Huyo hakuwa na kichekesho hata kimoja. Alikuwa anasaini amri za kuwekwa kizuizini. Nkomo, kiongozi wa ZAPU, alikaa ndani miaka kumi, 1964 hadi 1974. Mugabe hivyohivyo, na mwanawe mdogo alipofariki Ghana mwaka 1966 serikali ilimnyima ruhusa ya kwenda kuzika. Machi 1968 wakanyongwa James Dhlamini, Victor Mlambo na Duly Shadreck, ilhali Malkia alikuwa ameshatoa msamaha. Malkia yuleyule wa picha ya ukutani. Lardner-Burke ananyonga, PK anaeleza dunia kwa nini ni halali. Ndiyo maana nashangaa mmoja anakumbukwa kama mnyongaji na mwingine kama mchekeshaji.

Jirani wa Kigamboni

Mleta mada unaandika vizuri ila una upande. Sema ukweli, uchumi wao ulikua pamoja na vikwazo vyote. Viwanda vilijengwa. Na huyo PK angalau alikuwa anasema wazi anachoamini, siyo hawa wetu wanaotabasamu halafu wanakuuma.

Ngalawa (mleta mada)

Jirani, uchumi ulikua, sikatai, kati ya mwisho wa sitini na mwanzo wa sabini ulikua vizuri tu. Uliza ulikua kwa nani. Sheria ya ardhi ya 1969 iligawa nchi karibu nusu kwa nusu, wazungu ekari milioni 45 hivi, Waafrika milioni 45 hivi, na Waafrika walikuwa karibu mara ishirini ya wazungu kwa idadi. Kwa mgao wa namna hiyo hata mimi biashara yangu ingekua.

Hilo la kusema wazi, subiri tufike vitani. Nitakupa aliyosema wazi.

Bi Mkunde

Jirani umeyataka.

Ngalawa (mleta mada)

1974. PK anapewa wizara mbili kwa mpigo, ulinzi na mambo ya nje.

Ya mambo ya nje naomba tuicheke kidogo, inaruhusiwa. Hakuna nchi hata moja duniani iliyoitambua Rhodesia. Hata Afrika Kusini, hata Ureno, waliokuwa wanawapitishia mafuta na tumbaku, hawakuthubutu kuitambua rasmi. Waziri wa mambo ya nje alikuwa na ofisi Pretoria, na ya Lisbon ambayo ilifungwa 1975 baada ya Wareno kupindua serikali yao. Pasi ya nchi yake viwanja vingi vya ndege ilikuwa karatasi tu.

Ya ulinzi haichekeshi. Desemba 1972 wapiganaji wa ZANLA, jeshi la ZANU, walishambulia shamba la Altena upande wa Centenary, na vita ikawaka kaskazini mashariki yote. Aliyeshika ulinzi tangu 1974 alikuta sera ya kuwahamisha wanavijiji na kuwakusanya ndani ya kambi zenye uzio, wenyewe wakiziita vijiji vya ulinzi. Chini yake ikapanuka. Mamia ya maelfu ya watu waliishia humo kabla vita haijaisha. Unaamka ndani ya uzio, geti linafunguliwa asubuhi uende shambani, shamba liko kilomita kadhaa, saa ya kurudi ikikupita wewe ni halali ya risasi.

Sasa Jirani, haya ndiyo ya wazi. Kuhusu wanaokiuka amri ya kutotoka nje, PK alisema hadharani kwamba kwake yeye kadiri wanavyopigwa risasi wengi ndivyo vizuri. Kuhusu vijiji vinavyowapa wapiganaji chakula, alisema visitegemee huruma, vikipigwa mabomu na kuchomwa visilalamike. Huyo ni waziri wa ulinzi, anazungumzia watu anaodai ni raia wake wenye furaha kuliko wote Afrika. Na mwaka 1975 bunge lao likapitisha sheria ya kuwakinga askari, polisi na maofisa wasishtakiwe kwa lolote walilolifanya "kwa nia njema" vitani, tena ikarudishwa nyuma hadi Desemba 1972. Ishikeni hii sheria, nitairudia.

Yeye mwenyewe alipenda kwenda mstari wa mbele, amevaa magwanda, bunduki mkononi, kama mtu aliyekwenda mbugani. Askari wazungu walimpenda kwa hilo. Majenerali hawakumpenda sana.

Waliomchoka zaidi ni Makaburu. Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975, na Machi 1976 Samora akafunga mpaka. Kuanzia hapo Rhodesia ikawa inapumua kwa pua moja, reli za Afrika Kusini. Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini, alikuwa anatafuta maelewano na Lusaka ili vita isimfikie, na mtu kama PK, anayeropoka kila akiona kipaza sauti, alikuwa mzigo. Agosti 9, 1976, Selous Scouts, kikosi maalumu cha jeshi la Rhodesia, wakaingia Msumbiji wamevaa sare za FRELIMO, magari yamepakwa rangi za FRELIMO, hadi kambi ya Nyadzonya, watu wakiwa wamekusanyika uwanjani. ZANU ilihesabu waliouawa zaidi ya 1,000, na Umoja wa Mataifa ukasema ile ilikuwa kambi ya wakimbizi. Salisbury ilisema ni kambi ya magaidi.

Vorster akawaondoa marubani na mafundi wake wa helikopta. Mwezi uliofuata PK akaondolewa wizara ya ulinzi. Smith alimwachia mambo ya nje, maana huko hapakuwa na cha kuharibu.

Kachero Mstaafu

Hapo ndipo Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, anaingia. Septemba 1976 alipita Dar kuonana na Mwalimu kabla ya kwenda kuonana na Smith Pretoria. Naikumbuka hiyo.

Ngalawa (mleta mada)

Hapohapo. Septemba 24 Smith akatangaza redioni kwamba anakubali utawala wa walio wengi ndani ya miaka miwili. Fikiria mlowezi aliyelishwa habari za ushindi kwa miaka kumi na moja anasikia hiyo kwenye redio ileile.

Oktoba mkutano wa Geneva ukaanza. Upande mmoja Mugabe na Nkomo, wamejiunga kuwa Patriotic Front, viongozi wengine wa Waafrika, Muzorewa na Sithole, nao wamekuja na wajumbe wao, mwenyekiti Mwingereza Ivor Richard. Smith alikaa kidogo akaona anapoteza muda, akarudi nyumbani akamwachia PK uongozi wa ujumbe. Yaani unamwachia mazungumzo ya amani mtu aliyetolewa ulinzi kwa kuropoka. Mkutano ukavunjika Desemba bila kitu. Sidhani kama Smith alitaka uishe na kitu.

Mwaka 1977 PK akarudi kwenye hotuba zake, kwamba watapigania kila kilima, kila mto, kila kijiji, kila daraja. Wakati huohuo wazungu walikuwa wanafungasha. Tangu 1976 waliohama walizidi waliohamia. Waziri wa zamani wa uhamiaji anawaapisha kufa kwa ajili ya daraja, wao wako kwenye foleni ya mpaka wa Beitbridge na magodoro juu ya gari.

Machi 1978 Smith akatiliana sahihi na Muzorewa, Sithole na Chifu Chirau. Kila wizara ikapata mawaziri wawili, mweupe na mweusi. PK akagawana mambo ya nje na Dkt. Elliott Gabellah. Mwaka uliofuata Muzorewa akawa waziri mkuu wa nchi iliyoitwa Zimbabwe-Rhodesia, na PK akashushwa kwenye uchukuzi na umeme. Mabasi na nguzo! Ila Agosti 1979, vita ikiwa imekolea kuliko wakati wowote, akafunga ndoa Salisbury na Princess Charlotte wa Liechtenstein, mjukuu wa mfalme wa mwisho wa Austria. Nchi inazama, bwana harusi ana miaka 55.

Bi Mkunde

Hapa ndipo nashindwa kutomcheka jamani 😂 mjukuu wa himaya iliyokufa anaolewa na waziri wa himaya inayokata roho.

Jirani wa Kigamboni

Sawa, hizo kauli za risasi sikuzijua. Lakini baada ya 1980 alikimbia?

Ngalawa (mleta mada)

Hakukimbia, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, Desemba 1979, uasi ulimalizwa. Gavana Mwingereza, Lord Soames, akatua Salisbury, koloni likarudi kuwa koloni kwa miezi michache. Katiba mpya ikawaachia wazungu viti 20 kati ya 100 kwa miaka saba. Februari 1980 chama cha Smith kikazoa vyote 20, Mugabe 57, Nkomo 20, Muzorewa 3. PK akaingia bunge la Zimbabwe, akakaa mita chache kutoka kwa watu ambao wizara yake iliwaita magaidi, akaendelea kuchangia hoja kwa lafudhi ileile. Alitoka 1987 viti vya wazungu vilipofutwa. Akaenda kuishi kwenye shamba la familia upande wa Caledon, Cape, akafariki Novemba 1999, siku chache baada ya kutimiza miaka 76.

Wenzake walikwenda njia tofauti. David Smith, aliyekuwa waziri wa kilimo kisha wa fedha chini ya Ian Smith, aliingia baraza la kwanza la Mugabe akapewa biashara. Ken Flower, mkuu wa usalama wa taifa wa Ian Smith tangu 1963, Mugabe alimwachia kiti chake. Lardner-Burke alihamia Afrika Kusini akafia huko 1984.

Sasa ile sheria niliyosema muishike. Mwaka 1982, vurugu za Matabeleland zilipoanza, serikali ya Mugabe ilitoa kanuni za kuwakinga askari wasishtakiwe, zimefuata mwongozo wa ile ya 1975. Gukurahundi, mauaji ya raia wa Matabeleland, ilifanyika chini ya kinga hiyo. Hali ya hatari iliyotangazwa Novemba 5, 1965 ilikuwa inahuishwa na bunge tena na tena, kwanza na akina PK, kisha na ZANU, hadi Julai 1990. Sheria ya kudumisha amri na usalama ya 1960, iliyotumika kumfunga kila mpigania uhuru, iliendelea kutumika hadi 2002. Na mwaka 2003 Zimbabwe ilifunga gazeti huru lililosomwa zaidi nchini. Gazeti jipya, lilianzishwa 1999, lakini jina lake lilikuwa Daily News.

Mwana Tunduma

Duh. Nimesoma mara mbili.

Kachero Mstaafu

Swali la mwisho mkuu. Kuna aliyeshtakiwa? Kwa Nyadzonya, kwa vijiji, kwa wale walionyongwa 1968?

Ngalawa (mleta mada)

Hakuna. Soames kabla hajakabidhi nchi alitoa msamaha kwa amri mbili, moja mwishoni mwa 1979 na nyingine 1980, unaofunika pande zote, walioasi na waliopigana nao. Kwa hiyo hata kosa lenyewe la uasi dhidi ya Malkia, lile la Novemba 11, halikufika mahakamani. Ian Smith alibaki na shamba lake Shurugwi na nyumba Harare kwa miaka mingi, akifungua geti mwenyewe kwa wageni, mpaka alipofariki Cape Town 2007.